Muuza mboga kanichomea karatasi nyuma yangu, nimemkosea nini?

SWALI

Dada shikamoo. Naomba jina langu lisitoke, niite tu Binti wa Tanga, maana Hanoi hii Watanzania hatuko wengi kihivyo na wambea ni walewale.

Mi nafundisha Kiingereza, mchana niko chekechea na jioni niko senta ya lugha, narudi usiku nimechoka hata sauti haitoki, kwahiyo soko naendaga alfajiri kabla ya kazi. Mtaani kwetu kuna kisoko kwenye kichochoro, hakina paa wala meza za maana, wamama wanapanga mboga chini kwenye makapu, wengine wanauzia hukohuko juu ya baiskeli, samaki wako kwenye mabeseni wanarukaruka, saa kumi na moja na nusu pameshachangamka. Sasa mi nimekulia Tanga, soko langu ni Mgandini, na kwetu bei ya kwanza ni salamu tu. Mtu akikutajia unacheka kwanza, unashika kitu unakigeuzageuza, unataja ya kwako, unajifanya unaondoka, anakuita. Ndo nilivyofundishwa na mama na ndo nafanyaga hapa.

Kuna siku nimefika mapema kweli nikamkuta mama mmoja ndo anamalizia kupanga, nikaulizia nyanya, nikaulizia zile mboga zao za majani zenye mashina yana tundu ndani, nikaulizia na kamba wadogo, kila kitu namwandikia bei yangu kwenye simu, yeye anatikisa kichwa tu, nikaona ananikazia nikaondoka zangu. Sijafika mbali nasikia watu wanacheka. Kugeuka, namwona kawasha kipande cha gazeti anakizungusha juu ya makapu yake, alafu akaja mpaka palepale nilipokuwa nimesimama mimi akawa anapitisha moto chini pale huku anaongea maneno ya harakaharaka. Dada, nilisoma Ayatul Kursiy kuanzia pale mpaka mlangoni kwangu! Nikajipa moyo labda yule mama ana mambo yake, lakini wiki nyingine kwa muuza samaki mwingine kabisa ikawa hivyohivyo, nimeuliza, nimeacha, kawasha karatasi. Hivi ni uchawi? Au ni kwa sababu mi mweusi alafu navaa hijabu, wananiona kama nuksi inayotembea?

Na bei zao pia sizielewi. Nyama ya ng'ombe mmoja alinionyesha thelathini, nikajua elfu thelathini kilo kwa dong, hela ya hapa, nikafurahi mwenyewe, nikamwambia nikatie kilo nzima, kaja kunidai laki tatu. Tulisimama pale tunatoleana macho mpaka nikalipa maana nyama ilishakatwa.

Kazini nako. Chekechea wanatupa chakula cha mchana lakini karibu kila siku nguruwe yumo, nikisema sili wananiambia basi toa vipande kula mchuzi. Wakimaliza kula wanazima taa wote wanalala na watoto, hata mwalimu mkuu analala! Mi mchana siwezi kulala, nilikuwa naitumia hiyo taimu kupiga simu nyumbani maana Tanga ndo kwanza asubuhi, mama ametoka kunywa chai, kumbe wenzangu wamenishtaki kwamba nawaamsha watoto. Wenyewe hawaoni haya kuniuliza una miaka mingapi, umeolewa, mshahara wako shilingi ngapi, tena siku ya kwanza tu kuonana.

Na senta ya jioni bosi ananiambia kibali cha kazi tutashughulikia baadae, wewe fundisha tu, kwani cha chekechea si unacho. Mwisho dada yangu, unga wa ugali nitaupata wapi, ule nilionunua sokoni umenigeukia gundi kwenye sufuria.

Binti wa Tanga, Hanoi


JIBU

Marahaba mdogo wangu. Acha kutetemeka, huyo mama hajakuroga. Yeye ndo anaona wewe umemroga, bila kukusudia.

Hiyo karatasi wenyewe wanaita đốt vía, na sababu yake ungeijua kabisa kama ingekuwa inafanyika Mgandini. Mfanyabiashara wa Vietnam anaamini mteja wa kwanza wa siku ndo anafungua biashara, akinunua chapchap bila maneno siku nzima itakwenda vizuri, akiuliza sana, akashikashika, akakata bei alafu akaondoka mikono mitupu, basi kaacha gundu pale na wanaomfuata watafanya hivyohivyo mpaka jioni mboga zinyauke. Sasa dawa yake ni moto. Anachoma karatasi anazungusha kwenye bidhaa na pale aliposimama yule mtu, maneno anayosema ni ya kufukuza mkosi uondoke na bahati irudi. Anafanyiwa Mvietnam mwenzao, anafanyiwa bibi kizee wa mtaa huohuo, hata wauza nguo na wauza simu wanafanya. Wengine wanafanya kwa siri ukishapotea kona, wako yeye hakuweza kusubiri tu.

Na usiniambie kwetu hakuna. Mama yangu alikuwa na genge Buguruni, mtu akija asubuhi kukopa anaambiwa "sijafungua", hakopeshwi hata kitunguu, na kuna jirani yetu mmoja alikuwa anajulikana ana mkono mzito, akionekana anakuja mama anajifanya anafagia mpaka apite. Chumvi na sindano usiku huuziwi, au uombe kwa jina la kuzunguka. Tofauti ni kwamba mama alikuwa anakasirikia moyoni, huyu wa kwako anawasha kiberiti.

Kwahiyo tatizo lako ni saa. Unafika yeye hajauza hata fungu moja, alafu unamletea minada ya Tanga! Una njia mbili. Kama lazima uende alfajiri, nenda umeshaamua unachotaka, usiulize bei ya kitu ambacho hununui, na ukiona ndo anapanga makapu mnunulie kitu hata kama ni kifungu cha giligilani, lipa bei aliyosema, pesa kamili isiyohitaji chenji, tabasamu, ondoka. Fanya hivyo siku kadhaa uone, kuna wauzaji wakishakuona una mkono mwepesi wanakuita wenyewe uje kuwafungulia. Njia ya pili ni kwenda wenzako wakishamfungulia, kuanzia saa moja na nusu hivi na kuendelea, au jioni kabla hujaingia senta, maana visoko vya vichochoroni vinachangamka tena kuanzia saa kumi watu wakitoka kazini. Samaki na nyama jioni sikushauri kwenye joto la mwezi wa sita mpaka wa nane, mboga sawa.

Kuna siku za kuwa mwangalifu zaidi. Tarehe mosi na tarehe 15 za kalenda yao ya mwezi watu wanakwenda pagoda, yani hekalu la Kibudha, wanaweka matunda na maua kwenye madhabahu nyumbani, bei ya maua inapanda, na jioni utaona wanachoma makaratasi ya rangi na pesa za bandia kwenye ndoo za bati pembezoni mwa barabara. Hiyo ni ya mababu zao, haina uhusiano na wewe, usije ukasoma Ayatul Kursiy mtaa mzima. Mwanzo wa mwezi wengi hawali bata wala ngisi, wanasema vinaleta mkosi. Na Tet ikifika, yani mwaka mpya wao, siku ya kwanza ya mwaka usiingie nyumba ya mtu bila kualikwa, hata kama ni jirani unayempenda, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti ndo anabeba bahati ya nyumba hiyo mwaka mzima na wanamchagua kabisa kwa umri na nyota. Tena kabla ya Tet jaza jokofu, maana wauzaji wanarudi kwao vijijini na kile kichochoro chako utakikuta kinang'aa, hakuna hata jani.

Umeuliza kuhusu rangi yako na hijabu, nisikudanganye. Kushangawa utashangawa, kuguswa nywele na mkono kutakuwepo, kuna bei za mgeni, na kwenye ajira za ualimu ndo pabaya zaidi, kuna senta zinamlipa mzungu asiye na cheti kuliko Mwafrika mwenye digrii ya ualimu na hilo liko wazi wala hawajifichi. Hasira zako zitunzie hapo. Kwenye karatasi ya yule mama hazina kazi.

Sasa kukata bei. Mboga na nyama za mtaani hazikatwi kama unavyokata wewe, faida yake kwenye fungu la mboga ni ndogo mno, ukimkatia nusu anaona unamdharau. Huku mtu haombi apunguziwe, anaomba nyongeza. Ukishanunua samaki na nyanya muombe akutupie vitunguu majani, pilipili mbili tatu, bizari fulani ya majani ya kupikia samaki, wengi wanakutupia hata hujaomba, hiyo ndo heshima ya mteja. Kukata bei kwa nguvu peleka kwenye nguo, mabegi, viatu, kule Đồng Xuân, soko la tangu 1889 lililoungua 1994 wakalijenga tena, ingawa hata kule usiende mtu ndo anafungua shata. Alafu chagua mama mmoja wa mboga na mmoja wa samaki, usitangetange. Kama ana umri wa mama yako mwite cô, kama shangazi, jiite cháu, mpwa wake. Hutaamini bei inavyolainika.

Ile nyama ya laki tatu hukuibiwa. Wanataja bei kwa lạng, yani gramu 100, hasa nyama, kamba, karanga, vitu vya bei kubwa. Thelathini ni elfu thelathini kwa gramu 100, kilo inakuja laki tatu, na ndo bei ya nyama ya ng'ombe. Lile neno elfu wanalimeza kila siku, akisema kumi ni elfu kumi, akisema mia ni laki moja. Kabla hajashika kisu muulize kwa kilo, kilo ni cân, mwonyeshe kwenye simu. Na angalia noti, ya elfu ishirini na ya laki tano zote za bluu, jioni kwenye taa hafifu wageni wanalia kila siku. Ukiwa na akaunti ya benki ya hapa skani tu ile QR ya malipo aliyoibandika kwenye kapu, hata muuza ndizi wa baiskeli anayo.

Chakula cha kazini. Hawakuonei mdogo wangu, kwa Hanoi nguruwe si kitoweo tu ni mafuta ya kukaangia mboga, ni mifupa ya supu, wao wakisikia huli nyama wanaelewa vipande, mchuzi hawauhesabu. Ukieleza dini kila siku mtachoshana. Waambie unakula chay, chakula cha watu wa pagoda, hilo kila mpishi Vietnam analijua kuanzia utotoni, hakuna nyama, hakuna mafuta ya mnyama, wala hawakuulizi maswali. Migahawa ya chay iko mingi na ile mosi na 15 inajaa. Au beba hotpoti lako, wali na samaki, hakuna atakayekushangaa. Sosi ya samaki kula bila wasiwasi, ni dagaa na chumvi. Nyama ya halali uliza msikiti wa Al-Noor pale Hàng Lược baada ya sala ya Ijumaa, ndo msikiti pekee wa Hanoi, ulijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, utakutana na Wapakistani, Waindonesia, Wanigeria na wanafunzi wa Kiafrika, wote wanajua nani anachinja.

Usingizi wa mchana hapo simameni mbali na mimi, niko upande wa wenzako. Watu hawa wanaamka saa kumi na moja, wengine wameshafanya mazoezi ziwani na kupika na kupeleka watoto kabla wewe hujapiga mswaki, mchana lazima walale, ofisini ni hivyohivyo, taa zinazimwa watu wanatandika mikeka chini ya meza. Mtoto wa chekechea akiamshwa katikati mwalimu ndo anayelia nae mpaka wazazi waje. Simu ya mama ipigie nje, teremka chini kuna kibanda cha chai ya barafu na vile vistuli vya plastiki, chai yenyewe bei ya bure. Saa sita mchana ya hapa Tanga ni saa mbili asubuhi, mama yuko macho, ongea unavyotaka.

Maswali ya umri usiyachukie, mtu hawezi hata kukuita mpaka ajue wewe ni dada au mdogo. Umri jibu. Ndoa sema bado, usiseme sitaki, ukisema sitaki wataitisha kikao. Mshahara sema unatosha kula, cheka, badilisha mada.

Kwenye kibali nitakuwa mkali. Kibali cha kazi cha Vietnam kimeandikwa jina la mwajiri, cha chekechea hakikufuniki senta, na mwajiri ndo anayetakiwa kukiomba. Kwa amri ya serikali namba 12 ya mwaka 2022 mgeni anayekamatwa anafanya kazi bila kibali anapigwa faini ya dong milioni 15 mpaka 25 na anaweza kufukuzwa nchini, na ukaguzi ukija bosi wako atalipa faini yake abaki, wewe ndo wa kwenda uwanja wa ndege. Mwambie kwa maandishi, sio kwa mdomo, mpe tarehe, na tarehe ikipita bila karatasi acha zile zamu za jioni. Najua hela ya jioni ndo inayotumwa nyumbani. Lakini ukirudishwa hata ya asubuhi hutaiona tena.

Unga sasa. Ulinunua wanga wa mahindi, ule wa kukolezea supu, pakiti zinafanana na muuzaji kwake yote ni unga wa mahindi. Nenda soko kubwa kwa wauza nafaka, nunua mahindi makavu, wapo wenye mashine ndogo za kusaga karanga na maharage hapohapo, akusagie mara mbili. Kama una rafiki anakwenda Hà Giang muagize, Wahmong wa milima ile chakula chao cha asili ni mahindi ya kusagwa, wanayapika kwa mvuke, chenyewe kinaitwa mèn mén, na wanayo meupe. Mboga usihangaike kabisa, matembele yapo wanaita rau lang, mchicha ni rau dền, majani ya maboga ni ngọn bí, na sato yuko hai kwenye beseni kwa jina la rô phi. Mahindi ya sokoni mengi ni ya njano, kwahiyo ugali utakuwa wa njano, ongeza moto usonge vizuri, na muda ukiupika jikoni kwako fungua dirisha, Hanoi mwezi wa pili na wa tatu kuna unyevunyevu mpaka ukuta unatoa jasho, unga uliobaki uweke kwenye jokofu la sivyo utaota ukungu ndani ya wiki.